Kaseti Iliyojibiwa

Ami Seif naye keshatangulia mbele ya haki, na sasa naweza kuiandika habari ya adhana bila ya kumuumiza mtu. Zahran ndiye aliyenitaka ninyamaze, tungali vijana, nami nikanyamaza. Wanaonijua watashangaa kwamba Asya aliweza kuweka neno moja tumboni miaka yote hiyo. Niliweza kwa sababu nilimpenda aliyeniomba. Zahran alizikwa kwao Samad mwanzo wa baridi hii, na huko kwenye matanga yake, katika chumba kirefu cha wanawake chenye mito ukutani na dele za kahawa zisizokauka, ndiko nilikosikia jambo ambalo tungelilijua mapema, nadhani mimi na yeye tungeliishi maisha mengine. Kwa hivyo sitakueleza nasaba yangu, wala tulitoka mtaa gani wa Unguja. Hayo wameyaeleza wengi, na wengine wameyatia chumvi. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, ule niliofanya kazi dukani kwa Ami Seif hapa Ibra, Oman, mwisho wa miaka ya tisini, wakati kompyuta ilikuwa bado kitu cha kufunikwa kitambaa cha kudarizi kama mas-hafu.

Sote tukimwita Ami, ingawa hakuwa na damu na yeyote kati yetu. Chini lilikuwa duka, na nyuma ya duka chumba cha ufundi chenye meza ndefu, kiyoyozi kinachokohoa, na ngazi ya kupandia nyumbani kwake. Mlango wa ngazi ile haukufungwa hata siku moja, na kwa mlango huo tulipata vitu viwili: chakula cha mchana na maneno ya Bi Zuwena, mama yake Ami Seif. Chakula kilikuja kwenye sinia kubwa, wali wa nazi ya kopo na papa mkavu wa Sur aliyepikwa mchuzi mzito wa ndimu, na harufu ile ikikaa dukani mpaka jioni. Mteja Mwarabu wa hapahapa akiingia hukunja pua. Ami Seif humwambia, "Usijali, hiyo ni harufu ya kompyuta mpya," na mteja hucheka, akaketi, akaletewa sahani. Maneno ya Bi Zuwena hayakuhitaji sinia. Macho yalikuwa yamemuishia, lakini sauti Mungu alimwachia yote, na alikuwa mtu wa kuanza salamu asubuhi akazimaliza adhuhuri. Tukimsikia juu akimuuliza mkwewe habari za mtu, kisha za mama wa mtu, kisha za ng'ombe wa mama wa mtu, na Zahran akiinua macho kutoka kwenye kazi yake na kutabasamu bila ya kusema kitu.

Zahran alikuwa hivyo. Wazee wake walitoka Pemba, yeye kakulia Samad kwenye mashamba ya tende, na Kiswahili chake kilikuwa cha bibi kizee mdomoni mwa kijana: akisema "ahsanta" na "laiti". Mimi nilikuwa mwepesi wa ulimi na sina subira mpaka leo. Yeye angeweza kukaa siku nzima na tatizo moja bila ya kulikemea. Wateja wakimpenda kwa sababu hakuwafanya wajinga, nami nikimpenda kwa sababu nikisema jambo kwa ukali alilipokea kana kwamba nimelisema kwa upole. Mke wa Ami Seif alishaona. Siku moja akiniosha mikono kwa maji ya birika alinambia, "Tukimaliza kuvuna tende nakwenda kwa mama yako na neno." Mikono ilinihama, maji yote yakamwagika nje ya bakuli, akacheka.

Kazi iliyotuharibia mwaka ilianza na kaseti. Wasiotoka kwetu labda hawajui kwamba zamani hatukuandikiana sana barua, tukitumiana sauti. Aliyeko Unguja husema upande huu na huu wa kaseti, akampa msafiri, nasi huku tukaisikiliza jamii nzima, wengine wakilia, kisha tukajibu juu ya kaseti ileile na kuirudisha. Kaseti haikutupwa wala haikuwekwa. Jibu lilifuta salamu, na salamu zikafuta jibu, na hakuna aliyeona vibaya, maana ukijibiwa ndiyo umesikilizwa. Bi Zuwena alikuwa na binti Unguja, Shemsa, dada yake Ami Seif, aliyebaki huko kwa mumewe. Kaseti ya mwisho ya Shemsa ilifika Ibra, na kabla ya kujibiwa ikafika habari kwamba amefariki kwa homa, ameacha watoto wadogo. Kaseti ile haikujibiwa. Bi Zuwena aliilaza chini ya mto wake, akiisikiliza kila alasiri kwenye redio yake, na kwa kusikilizwa ikaanza kuchoka. Sauti ilikuwa ikipanda na kushuka, na pengine utepe ukiliwa na redio, tukauvuta kwa kalamu.

Wakati huohuo watoto wa Shemsa walikuwa wakitaka neno la bibi yao. Kila msafiri akija na salamu: bibi anatujibu lini? Na Bi Zuwena hakutaka kuwatumia kaseti nyingine. Alisema kaseti ya mama yao ndiyo inayostahili jibu, nayo hawezi kuifuta. Ndipo Ami Seif aliposhuka siku moja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema, "Wanangu, hii kompyuta yenu haiwezi kuihifadhi sauti ya dada yangu, mama akapata kujibu?" Zahran akamwambia inaweza. Alikuwa na haki kusema hivyo, maana iliweza.

Hapa lazima nieleze kidogo, na atakayechoka avumilie, maana msiba wetu umo humu. Kompyuta haisemi na diski vivi hivi. Kuna programu ndogo ya katikati, tukiita draiva, inayoipa diski data kidogo kidogo, na kila ikishaipa lazima isubiri diski imeze. Mtu anayemlisha mtoto uji huhesabu moja, mbili, tatu, kisha ndiyo kijiko kingine. Shida ni kwamba draiva haina saa yake. Huhesabu kwa mapigo ya ile njia ya ndani inayopitisha data kwenye bodi, ambayo mafundi huiita basi. Ukijua mapigo yanakwenda kasi gani, utajua uhesabu mangapi. Ukidhani yanakwenda polepole na kumbe yanakimbia, utahesabu machache, na diski itapewa kijiko kabla haijameza. Diski za wakati ule hazikulalamika. Zilikuwa zikiandika upuuzi na kukwambia tayari.

Kwa kawaida draiva ilichukulia tu kwamba njia inakwenda kasi fulani inayojulikana. Lakini kompyuta zetu zilitoka kwa wauzaji wa jumla waliokuwa na tabia ya kuchezea vijiswichi vya bodi ili mashine ya bei ndogo iende mbio kama ya bei kubwa, kwa hivyo kasi ya njia ilikuwa siri ya aliyeiunganisha. Mimi nilisema, "Chukulia ni ya mbio kuliko zote duniani, uhesabu mengi, uiache diski itambae. Itachelewa lakini haitakosea." Zahran alisema, kwa kweli, diski ikitambaa sauti itakatika, maana sauti haisubiri, inaingia tu. Kaseti yenyewe imechoka na hatuna ruhusa ya kuipiga mara nyingi. "Nitaipima," akasema. "Kila kompyuta ikiwaka, draiva itahesabu mara ngapi inaweza kubisha hodi kwenye njia ndani ya mpigo mmoja wa saa ya kompyuta. Hapo itajua kasi yenyewe, wala haitakuwa na haja ya kudhani." Nikamwambia na kama kuna mtu mwingine anayebisha hodi wakati huohuo? Akasema asubuhi kompyuta ikiwaka hakuna mtu, ni nyumba tupu. Tulibishana hivyo juu ya sinia ya wali, na Ami Seif akatuambia papa anapoa.

Siku ya kuihifadhi sauti hakukuwa na kosa hata moja. Zahran alipunguza kila kitu kwenye mashine ili nafasi yote iwe ya sauti, akaipima njia, akaipima tena, hesabu ikawa ileile. Bi Zuwena alishushwa ngazi kwa kushikwa mikono, akaketishwa mbele ya spika. Ilipotoka sauti ya binti yake pale, safi kuliko redio yake ilivyopata kuitoa, alinyoosha mkono akaigusa spika, akaipapasa pembe zake zote. Shemsa alikuwa mcheshi. Alikuwa akieleza habari ya jirani aliyenunua friji na umeme haumo, akaifanya kabati la nguo. Bi Zuwena alicheka mahali palepale ambapo naamini alicheka kila alasiri. Kisha akasema, "Basi, nimetosheka. Nipeni kaseti yangu nijibu."

Alijibu peke yake chumbani, mlango umefungwa, alasiri nzima. Alipotoka Ami Seif alimuuliza, "Umeijaza, mama?" Akasema, "Nimesema yote niliyokuwa nayo." Hakuna aliyeuliza zaidi. Bi Zuwena asijaze kaseti? Yeye mwenyewe akiamini kaseti ukishaijibu, iliyokuwamo imekwenda, na sisi hatukuwa na sababu ya kudhani vingine. Msafiri akaichukua, na bibi akalala vizuri.

Kilichofuata nimekifikiria zaidi kuliko nilivyofikiria harusi yangu. Ami Seif alikuwa na programu moja aliyoipenda kuliko duka lenyewe, programu ya adhana. Alikuwa akiitia katika kila mashine tuliyoiuza, bila ya malipo, kwa mkono wake mwenyewe, na aliiweka iwe ya kwanza kuamka kabla ya kitu kingine chochote. Skrini ikiwaka inakuja Bismillahi kwa herufi za kijani, kisha programu inapiga hesabu ya jua la siku hiyo kwa mji wa Ibra, kisha inakaa chonjo, kila mpigo wa saa ikitazama kama wakati wa sala umeingia. "Kitu kisichoanza kwa jina la Mungu kimekatika mkia," akisema, na nani angebisha? Zahran alipomaliza kazi yake, Ami Seif aliona Bismillahi haipo kwenye mashine iliyobeba sauti ya dada yake. Akairudisha. Ningelikuwa yeye ningeliirudisha vilevile.

Tukapanga kupeleka nakala Maskati, maana mashine ya kuchoma sidii tulikuwa hatuna. Tukasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na mvua, wadi, yale mabonde makavu, zikajaa maji, barabara ikafungwa. Alasiri moja Bi Zuwena akasema, "Nishusheni nimsikilize mwanangu." Zahran akabonyeza. Ikatoka sauti kama mchanga unaomwagwa juu ya bati, katikati yake kipande cha Shemsa akisema "friji", kisha mchanga tena, kisha kimya. Zahran alijaribu mara nyingine. Bi Zuwena alikuwa amekaa na mkono wake juu ya spika. Akauliza, "Ndiyo imekwisha?" Akafahamu mwenyewe. Kisha akasema: "Wale watoto wasiambiwe. Mayatima hawafishwi mama mara mbili." Tangu hapo neno kaseti halikutajwa nyumba ile.

Zahran hakwenda kwao siku kadhaa. Alikuwa akiizima mashine na kuiwasha, akiandika namba, akizima tena. Nikamletea chai na mkate wa kumimina kutoka juu, ikapoa. Siku aliyoipata aliniita nitazame. Alikuwa ameiondoa programu ya adhana, na namba ilitoka ileile kila mara. Akairudisha, namba ikaanza kuyumba, na asubuhi ambapo hesabu ya jua ilikuwa nzito, namba ilishuka vibaya sana. Programu ya adhana ilikuwa ikiamka katikati ya kipimo na kula sehemu ya ule mpigo wa saa. Draiva ikaona imebisha hodi mara chache, ikadhani njia inatambaa, kumbe inakimbia. Siku hizo diski ililishwa ikapaliwa, ikaandika upuuzi juu ya orodha ya mafaili na juu ya Shemsa mwenyewe. Nyumba haikuwa tupu. Mwenye nyumba alikuwa anasali.

"Mwambie Ami," nikasema. "Ajue si kosa lako peke yako."

"Nimwambie nini, Asya? Nimwambie adhana yake ndiyo iliyomla dada yake?"

"Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo, na hatasikia adhana tena maisha yake yote ila atamkumbuka. Mtu mwenye umri ule." Akaifunika mashine na kile kitambaa cha kudarizi. "Niahidi."

Nikamwahidi. Akapanda ngazi, nami nikiwa chini nikamsikia akisema, "Ami, nilipima vibaya. Nisamehe." Ami Seif akasema, "Khalas, mwanangu, kadari ya Mungu." Alisema kweli na alimsamehe kweli, lakini ukweli mwingine ni kwamba hakuweza tena kukaa naye kwenye sinia moja. Akija Zahran, Ami hukumbuka shughuli mahali. Tende zikavunwa, zikaisha, na mke wa Ami Seif hakuenda kwa mama yangu na neno. Zahran mwenyewe hakulitafuta. Alisema mtu aliyeondoa sauti ya mtoto masikioni mwa mama yake kipofu hana uso wa kwenda kuposa. Mwisho wa mwaka alihamia Nizwa, akafundisha huko, akaoa mtu mwema. Mimi niliolewa Sur, nikarudi Ibra mjane. Tukikutana harusini tukiulizana hali kwa heshima. Bi Zuwena alifariki mwaka uliofuata, na wanasema mkono wake alipokufa ulikuwa chini ya mto, mahali pa kaseti.

Nimefika kwenye matanga. Nilikuwa nimekaa na mke wa Zahran, tumemaliza khitma, wanawake wanasambaziana halua, akaingia mkwe wa Ami Seif na mgeni kutoka Unguja, mwanamke wa makamo mwenye uso ambao sikuupata kuuona lakini niliujua. Akanipa mkono. "Shikamoo, Bi Asya. Miye Rukia, wa marehemu Shemsa." Nikamwitikia marahaba. Tukazungumza, na nilipomwambia kwamba nilikuwa dukani kwa mjomba wake zamani, akafurahi. "Basi na wewe uliijua kaseti ya bibi," akasema. "Sisi kila Idi tunaisikiliza. Nimeitia kwenye simu." Nikasema vizuri, sauti ya bibi yenu ilikuwa kubwa. Akacheka. "Bibi hakusema sana. Tunaisikiliza kwa ajili ya mama."

Nilimuuliza mama gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Akanipa simu, nikaiweka sikioni. Bi Zuwena alianza kwa salamu, jina kwa jina, kama alivyokuwa. Akafika kwa mtoto mdogo kuliko wote, sauti ikakatika, akajaribu tena, akasema, "Siwezi wanangu. Nilidhani naweza." Kukalia klik. Kisha utepe ukapiga kelele kidogo, na mtu mwingine akaendelea katikati ya maneno, kana kwamba alikuwa akimsubiri mwenzake amalize: "...ndipo nikamuuliza, sasa nguo zako si zitanuka samaki? Akasema, shoga, umeme haumo, samaki nitampata wapi?" Alikuwa Shemsa, utepe umechoka, lakini ni yeye, karibu kaseti nzima.

"Tulidhani bibi alituachia makusudi," Rukia akasema. "Tukimshukuru kwenye simu. Tukimwambia, bibi, tunaisikiliza kaseti kila siku, na yeye analia. Tukasema tusimlize, tukaacha kumtajia." Wao waliacha kumtajia bibi, na bibi alikataza wao watajiwe, na Zahran akaishi na kosa lake Nizwa, na dawa ilikuwa kwenye kabati la Unguja. Mficha uchi hazai, wazee walisema, na sote tuliijua methali hiyo, na sote tulikuwa tukifichiana kwa mapenzi. Nililia mbele za watu, na wanawake wakadhani namlilia Zahran, wala hawakukosea.

Nikanyanyuka na simu ya Rukia mkononi. Umri una faida yake, mwanamke mzee haulizwi anakwenda wapi. Nilivuka ua mpaka mlango wa majlisi ya wanaume, nikamwita Ami Seif. Alitoka na bakora yake, mwembamba, kilemba kimemzidi kichwa. Nikamkalisha kwenye benchi ya ukutani, nikamwambia, "Sikiliza, Ami, hii ni kaseti ya watoto," nikaiweka simu mkononi mwake, nikarudisha mpaka pale mama yake aliposema hawezi.

Alipoanza Shemsa, Ami Seif hakufanya kitu. Alikaa tu akiitazama simu. Alipofika kwenye samaki, simu yenyewe ikamkatiza Shemsa ikaadhini, alasiri imeingia. Rukia alikuwa ameitia programu ya adhana kwenye simu yake, nani hana siku hizi. Nilinyoosha mkono niizime. Ami Seif akaniwekea kiganja hewani nisubiri. Akaiitika adhana neno kwa neno mpaka mwisho, akaomba dua yake, akajipangusa uso. Na ilipokwisha, Shemsa akaendelea kutoka neno lilelile alilokatizwa, hakupungua kitu.

Alimsikiliza mpaka utepe ukaisha. Kisha akanishika mkono, mkono wake baridi na mwepesi.

"Zahran aliisikia hii?"

"La, Ami," nikamwambia. "Hakuisikia."